Alianguka Kabla ya Unga

Mama, binti yangu Mungufeni,

Salamu sikuandikii, sababu tuko chini ya malata moja, mabati ya nyumba yetu, na weye uko unakoroma nyuma ya rido, pazia yako, kama lori ya Mahagi mu mulima. Ni ajabu kuandikia barua mutu mwenye umekula naye maharagi jioni. Ungeamka sasa ungecheka: Radi, shampioni ya Ituri muzima, mutu mwenye alinyanyua mbuzi mbili mbele ya wakubwa wote wa muji, ameinama ku meza, ulimi inje, anapigana na kalamu. Masomo nilifikisha darasa ya pili ya sekondari. Darasa ya tatu ilinikataa, na mimi nikaikataa nayo, tukaachana na heshima.

Naandika juu ya vile mudomo yangu unaijua. Nikianza kukuambia kitu ya maana nitaweka kichekesho katikati, utacheka, mama yako atacheka, na ile kitu itarudi mu tumbo yangu kulala. Inalala mule toka kabla uzaliwe. Kalamu angalau haina watu wa kuipigia makofi.

Mambo ya safari yako ya kesho, ya Kampala, siingie ndani. Maji ya kunywa, kadi ya chanjo, namba ya shangazi yako wa Kampala, namna ya kuficha pesa mu nguo: mama yako amekuambia jana, amekuambia leo, na kesho atakuambia mpaka gari iwake. Mimi siongeze hata chumvi.

Kampala naijua. Usisahau kama baba yako alifika kule wakati weye ulikuwa bado mawazo ya Mungu. Nilipanda ile chumba ya chuma yenye kupandisha watu ku nyumba za ghorofa. Mulango ikajifunga yenyewe, mimi nikatega miguu na mikono kama mu ringi. Kulikuwa muzee mumoja ndani, na kravati yake ku shingo. Akaniangalia, akaniuliza, "Ndugu, unapigana na nani humu?" Nikamujibu, "Bado sijamuona." Alicheka mpaka ghorofa ya mwisho. Nimesimulia ile hadithi mara mingi na kila mara watu wanacheka. Lakini ukweli, mama, sikukuwa na mchezo ile siku. Nilikuwa naangalia kama iko mutu mwengine mule ndani, mwenye ule muzee haoni.

Ile mutu ni Dieudo.

Weye unamujua ku picha ya ukuta, ile yenye tumeshikana mabega. Mwenye nusu ya uso nyeupe ni mimi, kijana na sura nzuri, usibishe. Mwenye amesimama ndani ya sanduku ya maiti na anacheka meno yote ni yeye. Aliingiaka mu ringi amebebwa ndani ya sanduku, watu wane wanamulia, na akifika katikati anafungua kifuniko na kusalimia. Njo maana walimuita Sanduku. Unamujua pia juu kila mwezi wa novemba mama yako anapelekea padiri jina yake kwa misa ya marehemu. Muji inasema dawa ya Radi njo ilimuua. Mama yako anasema alikuwa mugonjwa. Mimi hujanisikia. Kila mara uliniuliza nilianza kuimba, na sauti yangu unaijua, uliomba niache.

Sasa sikia.

Mapigano yako ya kaje, ile ringi ya waya, nimeangalia ku simu ya wamotari, watu wa pikipiki, wenye wanaletaka mipira ya magurudumu yao ku kwado yangu nizibe vitundu. Tunaangalia tukingoja gundi ikauke. Ngumi, magoti, judo, kukaba shingo, yote ndani ya waya, na mutu akianguka, ameanguka. Kachi yetu, ile mieleka ya zamani, haikukuwa vile. Kachi ni mapigano na ni mchezo, vyote mara moja, na hata siye wenyewe siku zingine hatukujua wapi moja inaisha. Tulijenga ringi ya mbao ku uwanja, kamba pande zote, fanfari, bendi ya tarumbeta, inapiga, na mbele ya mechi tunazunguka muji juu ya pikapu, uso umepakwa, watoto wanatukimbilia nyuma. Kila mutu na dawa yake. Mwengine alitoaka yai mu sikio ya adui. Mwengine alikula kuku mubichi, na kesho yake anashinda ku choo, lakini ile watu hawakuonaka.

Mimi dawa yangu ilikuwa unga. Niko na kibuyu, natoa unga nyeupe mu mukono, namupulizia adui. Mara ya kwanza anashikwa na kizunguzungu. Mara ya pili anatetemeka. Mara ya tatu anaanguka chini na kutupa miguu kama kuku ya Noeli, na mimi nacheza dansi juu yake, narukaruka huku na huku ya kichwa yake, kibuyu juu, na uwanja muzima unakufa na kicheko. Mama, ile unga ilikuwa unga ya muhogo. Mama yako njo aliichunga na chekecheo. Siri ya Radi yote ilitoka mu mufuko ya unga ya bugali.

Dieudo alikuwa mutu ya kwetu, ya upande ya Mahagi, mama zetu walikuwa wanauzisha samaki pamoja. Alikuwa mudogo yangu kidogo, aliniita yaya, ni kusema kaka mukubwa. Na nikuambie kitu yenye sikumuambiaka akiwa muzima: alinipita. Mimi nilikuwa na kifua na kelele. Yeye alijua kuanguka. Mutu yeyote anaweza kupiga. Kuanguka vizuri ni masomo kubwa. Akianguka, wamama mu uwanja wanashika vichwa. Kisha anasimama, anapangusa unga ku uso, anasalimia, na wale mama wanalia na kucheka.

Ilikuwa kisha ya vita, elewa. Hakukuwa na nyumba yenye haikukuwa na mutu mwenye alianguka na hakusimama. Siku ya Mungu, jumapili, wanatoka misa, wanakuya ku uwanja, wanaona Dieudo anakufa vizuri kabisa, na halafu anasimama. Ile njo tulikuwa tunauzisha. Si dawa, si kifua yangu. Kusimama.

Yote tulipanga, siye na arbitri, mwamuzi wa mechi. Tulikuwa na maneno mbili. Mu ringi, katikati ya kelele, Dieudo ananisogelea kama mwenye ananikaba, ananiuliza mu sikio, "Sasa?" Kama watu bado hawajawaka, namujibu, "Bado." Kama wamewaka, namuambia, "Sasa," na anaanguka. Na akiwa chini alikuwa na desturi yake: jicho moja anaifunga kabisa, ingine anaacha wazi kidogo sana, kama mulango ya mutu mwenye anangoja mugeni. Alikuwa anaangalia miguu yangu. Mimi ni muzito, na nikicheza siangaliaka chini. Yeye njo alikuwa anaondoa vidole vyake mbele nivikanyage. Miaka yote ile sikumukanyaga hata mara moja, na nilifikiri ni juu najua kucheza.

Tulifanya mechi ku Nizi, kwa watu wa kuchimba dhahabu. Ringi yao ilikuwa mubaya, mbao zimeachana. Dieudo aliruka juu ya kamba, mbao ikatoka, akaangukia nyuma ya kichwa. Ile kuanguka haikukuwa yetu. Niliisikia, hata na fanfari ikipiga niliisikia. Akasimama, akasalimia, watu wakapiga makofi. Mu pikapu ya kurudi Bunia akatapika kando ya njia. Nikamuuliza, "Mimba ya nani hiyo?" Watu wote nyuma ya pikapu wakacheka. Akasema ni maharagi.

Ile wiki alikuya kwetu, akasimama ku mulango, akashika mbao ya mulango na mikono yote mbili kabla ya kuingia. Kama mutu mu mutumbwi. Mama yako akamuuliza, "Dieudo, uko na nini?" Akasema, "Ni jua tu, shemeji." Na ilikuwa mwezi ya mvua.

Halafu akaniita inje, kando ya kuni. Aliongea polepole. "Yaya, kichwa haiko inanikubali. Tusukume mechi ya siku ya Mungu. Siku ya Mungu ingine nitakuwa muzuri."

Mabango yalikuwa yamebandikwa. Fanfari imeshapata avansi ya pesa yake. Lakini nisikudanganye na ile sababu, haikukuwa ile. Sababu ilikuwa kuwa watu wa Nizi walipiga makofi yake kuliko yangu, na mimi nilitaka Bunia waone nani ni mukubwa. Nikamupiga ku bega, nikamuambia, "Weye ni Sanduku ao ni mukate ya chai, laini vile? Muji itasema umeniogopa. Tutafanya haraka. Utaanguka tu, na kuanguka njo kazi yako."

Akacheka. Akasema, "Sawa, yaya. Lakini kisha ya unga ya tatu, usinicheleweshe."

Ile siku ya Mungu, alianguka kabla ya unga. Hata ya kwanza nilikuwa sijapulizia. Niko nafungua kibuyu, naonyesha watu, nawatukana kidogo vile wanapenda, nageuka, naona Dieudo iko anaenda chini peke yake. Hakuuliza "Sasa?" Hakunikaba. Alikaa kwanza, kama mutu amechoka, halafu akalala, halafu akaanza kutetemeka.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ananiibia. Nilifikiri amechoka kungoja "sasa" yangu, anataka watu waone kama anaanguka bila mimi. Nikainama, nikamuambia mu sikio, "Dieudo, bado." Watu wakalipuka. Hawajaonaka dawa yenye inaua mutu ikiwa bado mu kibuyu. Mwanamuke mumoja ku kamba analia na kicheko, anapiga mapaja, anasema, "Radi, mufunike, mutoto wa watu atapata baridi." Nikamupulizia unga yake basi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uso ikawa nyeupe yote, unga ikaingia mu mudomo, na hakukohoa.

Nikaanza dansi.

Hapa njo nakuomba usome polepole, juu hapa njo siimbe tena. Nilipita kushoto ya kichwa yake, nikapita kuume, na nikakanyaga vidole vyake. Na uzito yangu yote. Hakuondoa mukono. Nikaangalia chini. Macho yake mbili yalikuwa wazi, na hakuna yenye ilikuwa inaangalia miguu yangu. Na alikuwa anakoroma, koroma ya mutu mwenye amelala mubaya, yenye hatukupangaka.

Nilijua ile saa. Watu wanasemaka "sikujua," hata mimi nimewaacha waseme kwa ajili yangu. Nilijua. Na fanfari ilikuwa inapiga, na watu wamesimama wote, wanaita jina yangu, na nilimaliza dansi. Si dakika mingi. Lakini nilimaliza, na kibuyu juu, na nikageuka pande zote ine kusalimia vile ilikuwa desturi. Pande ya mwisho njo arbitri alinishika mukono, akaniambia, "Radi, simama. Ndugu yako amejikojolea."

Alifia ku hospitali. Hakuamka kuuliza kitu.

Mama yake akakuya toka Mahagi juu ya lori ya muhogo. Kwa matanga watu waliacha nafasi mukubwa kandokando yangu, hakuna mwenye alitaka kivuli yangu imuguse. Nilisikia wanasema chinichini: dawa imemupita nguvu, dawa imemukamata kabla hata Radi aitoe mu kibuyu. Ule mama akakuya akakaa chini mbele yangu. Hakulia. Akaniuliza kitu moja tu. "Mwanangu, mulikuwa pamoja siku zote. Mbele ya kuingia pale, alikuambia kitu?"

Nikamuambia, "Hapana, mama. Hakusema kitu."

Akaangalia kibuyu yangu, ilikuwa inaning'inia ku musumari. Akasimama, akaenda. Alikufa akichukia ile kibuyu.

Vile njo nilichagua, Mungufeni. Kulikuwa majina mbili mbele yangu. Moja ni mulozi, mutu mwenye dawa yake inaua bila kuguswa. Ingine ni rafiki mwenye aliambiwa "kichwa inauma" na akajibu "weye ni mukate ya chai." Ya kwanza watu wanaogopa. Ya pili wanatemea mate. Nikachagua kuwa mulozi. Na niliikula, ile jina, niliikula vizuri. Ku soko nilipata nyanya za juu ya fungu, sababu wamama hawakutaka nikunje uso. Hakuna mutu alisimama mbele ya pikipiki yangu. Kisangani, Butembo, Arua, walikuya wengi kuona Radi mwenye aliua mutu na unga. Kila mahali nilitoa kibuyu, na kila mara nilipoifungua, mikono yangu ilikuwa baridi kama samaki. Siku moja ku Mambasa kijana mwenye nilipigana naye alinisogelea, akanikaba, na nikasikia mu sikio, "Sasa?" Huyu kijana hakujua maneno zetu. Siku ile nilishuka mu ringi nikiacha watu wanapiga miluzi, na sikurudi. Nilisema ni mugongo.

Sasa unajua mbona baba yako anakula wali kama muzungu. Mulinichekaka, weye na mama yako, kama Radi anakimbia bugali. Si bugali. Ni ile kuchunga. Ile unga ikisimama mu hewa ya jikoni, naona uso. Na ku kwado, nikifungua valvu ya mupira na pumzi inatoka, kuna mipira yenye inakoroma. Wamotari wanafikiri nasikiliza kitundu. Na usiku Dieudo anakuya. Hakasirike, hata. Amesimama na unga ku uso, ananiuliza tu ile neno yake, "Sasa?"

Sikukukatazaka kupigana, uliona. Mama yako alinililia mwaka muzima, anasema, kataza mutoto. Ningekataza na mudomo gani? Na nikuambie ukweli, weye ni muzuri. Si juu nimekuzaa, ingawa ile pia inasaidia. Nilikuona mu judo unamukaba ule binti mukubwa ya Butembo, na alipogonga mukono yake chini mara mbili ulimuacha ile saa ile, mbele hata arbitri aseme, na ukamushika mugongo asimame. Nilienda nyuma ya gari kulia. Nilisema ni vumbi.

Ile kugonga mukono njo kitu nilipenda mu mapigano yenu kuliko yote. Mutu anasema "inatosha" na mukono yake mwenyewe, na dunia yote inasimama. Siye hatukukuwa nayo. Tulikuwa na "sasa" na "bado," na zote mbili zilikuwa mu mudomo yangu mimi.

Lakini kuna vitu havigongi mukono. Siku moja utakuwa juu ya mutu, arbitri amesimama pande mubaya, watu wanaita jina yako. Jina yako ni tamu sana mu midomo ya watu wengi, hakuna pombe yenye inafika pale. Na utasikia chini yako mukono imelegea kama nguo. Ile saa, mutu mwenye iko karibu zaidi na mwenzako ni weye. Sikupe amri. Nakuambia tu mahali mimi nilikuwa nimesimama.

Na siku zingine mutu mwenye iko chini ni weye, na nyumba yote haioni.

Toka urudi kutoka ku mechi ya Arua, na ile goti yenye ilikupata ku kichwa kabla ushinde, nakuangalia. Ndiyo, nilipiga kelele ku kwado nzima, binti yangu ameshinda, nilizibia watu wawili mipira ya bure. Lakini naangalia. Ulinyoosha mukono kuchukua kikombe ya chai na mukono ikapita kando. Ulicheka, mama yako alicheka. Simu umeipunguza mwanga mpaka huwezi kusoma. Na juzi asubuhi ulitoka ku kitanda, ukasimama ku mulango, ukashika mbao na mikono yote mbili.

Nikakuuliza, "Mama, uko na nini?"

Ukaniambia, "Ni jua tu, papa."

Mvua ilikuwa inanyesha. Nilisikia malata inapiga. Nani alikufundisha ile neno? Mimi sikukuambiaka. Mama yako ameapa hakukuambia.

Kisha ukanifuata inje, ukaniambia ukweli, na nakushukuru kwa ile, Dieudo naye aliniambia ukweli. Ukasema kichwa inapiga tangu Arua, lakini mechi yako ya kwanza ya profesioneli, ya kulipwa, iko karibu, koche ya Kampala ameshaandika jina yako, nafasi kama ile haikuye mara mbili kwa mutoto ya Bunia. "Papa, usimuambie koche. Tafadhali." Na mimi, na mudomo yangu hii, nilikuambia, "Mimi ni kaburi." Ukacheka, ukanikumbatia. Nilibaki pale kando ya kuni na ile neno yangu.

Leo jioni, wakati ulienda kuaga bibi ya jirani, niliita koche yako.

Nilianza kwa kujisifu, kama kawaida, nikamuambia mimi ni Radi. Hakumujua Radi. Muji ya Kampala haina shule. Nikamuambia basi kuhusu goti, na kikombe, na mulango. Akasema, "Yeye mwenyewe hajaniambia hayo."

"Hatakuambia. Njo maana naita mimi."

"Mzee, unajua nikimtoa, kuna msichana mwingine anaingia kesho hiyo hiyo?"

"Najua."

"Na hakika wewe ni baba yake? Mimi, akina baba wananipigiaga niwaingize watoto, si niwatoe."

Nikamuambia, "Mimi ni baba yake tangu leo." Hakuelewa, na sikumuelewesha.

Amekutoa. Mechi imeenda kwa mwengine. Amesema ukitaka kuja, kuja, kitanda iko, lakini hakuna mutu atakugusa kichwa na hautagusa mutu, mpaka dokta ya kichwa akuangalie ndani na mashini na aandike mwenyewe kama unaweza. Inaweza kuwa miezi. Inaweza kuwa dokta aseme usipigane tena. Nilimuuliza ile pia, na hakunificha. Na usifikiri utamudanganya ukifika, kikombe nimemuhadithia vizuri sana. Kwa kuhadithia hakuna mwenye ananipita.

Kwa hiyo nimevunja neno yangu, na labda nimevunja kazi yako, na nimeifanya nyuma ya mugongo yako usiku wa mwisho. Najua kile umetoa kwa hii kazi. Najua ulikimbia asubuhi ku njia ya kiwanja ya ndege wakati wenzako wanalala, najua wanaume wenye walikutukana, najua harusi yenye uliacha ipite. Sikuombe unisamehe kesho. Kesho ni mapema.

Barua nitaiweka juu ya mufuko yako, utaiona mbele ya chai. Mimi nitakuwa hapa inje ya rido, sitaenda ku kwado, sitaimba. Ukitaka kupanda gari, mufuko nitabeba mimi mpaka ku ajensi ya gari, hata kama hauniongeleshi njia yote. Ukitaka kubaki, nitaongea na mutu wa tiketi, bado ananiogopa kidogo. Na ukitaka kunikasirikia, kasirika na sauti, jirani wasikie. Wakikuuliza Radi amekufanya nini, usiwaambie ni dawa. Waambie ni baba yako, alisikia kichwa yako inauma, na alisema.

Ni mimi, baba yako,
Radi, mwenye mama yake alimubatiza Anselme